Theodosia Luambano, Fundi Aliyeambiwa Apumzike

Dada yetu Theodosia Mathias Luambano alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, Ruhuwiko, Songea, mtoto wa kwanza wa mzee Mathias Luambano na marehemu mama Efrasia. Alisoma shule ya msingi hapa Ruhuwiko hadi mwaka 1993, kisha akajifunza ushonaji kwa masista. Cherehani ya kwanza alinunuliwa na baba kwa mahindi ya msimu mzima.

Mwaka 2000 alifungua kibanda Lizaboni. Sare za kwaya ya parokia alizishona yeye kwa zaidi ya miaka ishirini. Mama yeyote akipita barabarani, Theodosia alimwita: "Umepungua wewe, lete gauni nilibane." Tarehe 22 Septemba 2001 alifunga ndoa na Athanasi Mbano. Walijaliwa watoto wawili, Leticia na Saimon.

Julai 2022, akijaribu gauni lake mwenyewe, aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Tumeombwa hapa tuandike "maradhi ya muda mrefu." Maradhi hayo yana jina. Ni saratani ya matiti. Alitibiwa mbali na nyumbani, titi likaondolewa, akatundikiwa dripu za dawa. Athanasi alijifunza kusafisha kidonda na kusonga ugali, na walipomcheka kijiweni aliaga akaenda kupika. Theodosia aliporudi alijishonea kifuko cha pamba cha kujazia sidiria. "Fundi havai gauni linalopwaya," alisema.

Kibanda alikikuta, wateja hakuwakuta. Ilikuwa imesemwa kwamba nguo iliyopita mikononi mwake inabeba ugonjwa. Usoni hakuambiwa. Kina mama wa kwaya walimjia na maneno laini: "Dada Theo, wewe pumzika kwanza." Sare za Pasaka 2023 zikapelekwa kwa fundi mwingine. Aliziangalia misa nzima. Nyumbani akasema, "Mabega wameyakosea," halafu akalia.

Saratani haiambukizwi kwa futi ya kupimia wala kwa sindano. Muuguzi alilisema hili kanisani, watu wakaitikia kwa vichwa, na kitambaa hakikuja. Aliyekuja ni jirani yake Zuhura, muuza dagaa, akatandaza kitenge juu ya cherehani.

"Shoga, nipime. Kama saratani ni chawa, mie nimeshajaa zamani."

"Simama wima," alijibu marehemu. "Na usibane tumbo, nakujua."

Novemba 2024 ugonjwa ulirudi, ukaingia kwenye mifupa. Alifariki nyumbani Lizaboni, alfajiri ya tarehe 11 Mei 2025, Athanasi akiwa amemshika mkono.

Leo kina mama mmekuja na sare ya msiba, kitenge cha aina moja wote. Imependeza. Fundi mlimpata, na aliwahisha. Yeye alipokuwa hai, akiwa amekaa mlangoni pake, alisubiri kitambaa kimoja tu kutoka kwenu.

Ameacha mume, watoto wawili, baba yetu, sisi wadogo zake watatu, na Zuhura, ambaye hatutamwandika chini ya "majirani." Futi na cherehani amepewa Leticia. Kibanda kitafunguliwa Jumatatu. Atakayegusa uvimbe asiufiche, aende hospitali. Mwenye kitambaa akilete.

Dada yetu hakuomba kupumzika hata mara moja. Sasa apumzike kwa amani. Safari hii amechoka kweli.