Matairi Yaliyonona

Gari la kwenda Masumbwe lilikuwa halijamaliza kutoka Kahama, mama wa dirishani akaanza kumsifia Feisal. Donatus, aliyekuwa fundi matairi kwa miaka kumi na miwili, akasikia mate yamekuwa machungu. Gari la mashindano la mji mzima wamempa Feisal alifunge matairi, fundi wa juzi!

"Tazama, baba, matairi yalivyonona," mama akasema, akimwonyesha picha kwenye simu. "Mashavu kama ya mtoto anayenyonya."

Donatus akasoma upana ubavuni mwa tairi: milimita 225. Ringi za gari hilo alizijua, zilezile nyembamba za upana wa inchi tano. Tairi hilo halikunona, limevimba; kwenye kona kali litalala ubavu na kuchomoka kwenye ringi. Akamwona akilini Feisal Jumapili, siku ya mashindano, kainamisha kichwa mbele ya watu. Roho ikasuuzika.

"Mikono yako ya fundi," mama akasema. "Unayaonaje?"

"Yamependeza."

"Alhamdulillahi! Maana mwanangu Samia ndiye anakaa kushoto kwa dereva, anamsomea kona zilizo mbele."

Konda akagonga bati, gari likasimama. Donatus alipofumbua mdomo, mama alishashuka, simu sikioni: "Samia, ondoa wasiwasi mwanangu. Nimemuuliza fundi kabisa."