Vestina Mlelwa: Damu ya Kwanza Ilikuwa Yake

Marehemu Vestina Mlelwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 kijijini Kifanya, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Gaudensi Mlelwa na Mama Scolastika, aliyekaa hapa mbele yetu. Tangu utotoni alikuwa mtu wa mashaka. Akitumwa mafuta ya taa, alinusa chupa kabla hajatoka dukani, na mwenye duka alimchukia kwa hilo.

Alianza Shule ya Msingi Kifanya mwaka 1970, akamaliza sekondari 1980, na mwaka 1983 akapata cheti cha ufundi wa maabara Dar es Salaam. Akaajiriwa hospitalini Njombe. Tarehe 14 Septemba 1991 alifunga ndoa Makambako na Alois Mligo, dereva wa lori la mbao, wakaweka makazi Mahongole. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, kila mtu anauza, na Vestina hakumwamini hata mmoja. Sokoni alimwaga debe zima la maharage juu ya khanga ili aone ya chini yakoje. Alois alikuwa akisimama mbali, anajifanya hamjui.

Mwaka 2002 alichukuliwa na mradi wa utafiti wa magonjwa ya ini, wenye maabara mjini Njombe. Huko ndiko maneno yalikoanzia, na tuyaseme wazi, maana hata sasa yanasemwa kwenye mabenchi ya nyuma. Kazi ilikuwa hivi: kipande cha kioo kimepangwa madoa madogo ya protini, damu inapitishwa juu yake, inafuata rangi, kisha skana inakimulika kwa leza. Doa lililonasa kitu kutoka kwenye damu huwaka, na madoa ya mgonjwa hulinganishwa na ya mtu mwenye afya. Rangi hiyo hufifia kwenye mwanga, kwa hiyo chumba kilifungwa mapazia meusi mchana kutwa. Mwanamke, damu za watu, chumba cha giza: waliomwita mumiani, mnyonya damu za watu, hawakuhitaji zaidi.

Mwaka 2003 Vestina na wenzake wa mradi walifika kijiji cha Ipelele kutafuta watu wenye afya wa kulinganisha. Watu waligoma. Bibi Dorika, mzee wa hapo kijijini, alisimama mkutanoni akasema, "Wee mama, kabla hujanitoboa mkono, damu ya kwako iko wapi?" Vestina akakunja mkono wa sweta, akamwambia mwenzake amtoe damu pale pale, wote wakiona. Bibi Dorika akanyoosha mkono wake.

Damu ya Vestina ilipopita kwenye skana, iliwaka kama za wagonjwa. Akasema ni vumbi. Akarudia kwa kioo kipya. Akashuku rangi, akashuku leza, akashuku chupa zimebadilishwa. Alishuku kila kitu isipokuwa mwili wake mwenyewe. Ilipowaka tena kwa damu mpya, akaenda kupimwa hospitali kubwa bila kumwambia mtu.

Alois naye aliona safari zisizo na maelezo. Siku moja akawasha lori akamfuata kwa wivu, akamkuta kwenye benchi la wagonjwa.

"Ni nani huyo unayemfuata huku?"

"Daktari, Baba Oliva. Ini langu limeharibika."

Alois ametaka lisomwe hapa: siku ile angefurahi kumkuta na mwanaume.

Ilikuwa saratani. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Akiwa kitandani alisikia watu wanasema kwamba damu za watu zimemrudia. Iliuma, asidanganywe mtu. Akamwambia mumewe, "Msifunge jeneza mapema. Wapo watakaosema mmezika mgomba badala yangu. Waacheni waangalie." Alifariki nyumbani Mahongole tarehe 2 Agosti 2005, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Alois.

Ameacha mama, mume, na watoto wawili, Oliva na Ambrose.

Jeneza liko wazi, kama alivyoagiza. Mwenye shaka apite, amtazame mpaka aridhike, ndipo tumfunike. Bibi Dorika amefika kutoka Ipelele na ameomba awe wa kwanza. Amesema hapiti kuhakikisha, anapita kuaga.

Mungu ampe Vestina pumziko lisilo na shaka.