Mwalimu Anselimu Rwechungura na Tangi la Oili la Kisiwa Panza

Mwalimu Anselimu Rwechungura alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Kanyigo, mkoani Kagera, mtoto wa nne wa Mzee Deogratias na Mama Modester. Utotoni, kaka yake alipopewa baiskeli naye akakosa, aliifungua yote, akaitia grisi, akaifunga upya, kisha akasusa kuipanda. Mama yao alisema, "Huyu ana kijicho, lakini kijicho chake kina mikono."

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha ufundi wa magari Mwanza, akahitimu mwaka 1983. Tarehe 8 Julai 1989 alifunga ndoa na Bi Conchesta. Mwaka 1994 walihamia Pemba, wakakaa Tibirinzi, naye akafundisha ufundi wa injini hadi alipostaafu mwaka 2021.

Kazi iliyompa jina na kumnyima raha ilikuja mwaka 2018, watu wa Kisiwa Panza, huko huko Pemba, walipotaka boti ya kuvushia wagonjwa. Walipata injini ya gari, lakini sampu yake, bakuli la oili la chini ya injini, haikuenea botini. Ilibidi oili ikae kwenye tangi la pembeni, pampu iwe inaivuta na kuirudisha. Marehemu alichora tangi pana la mraba. Baharini oili ililala upande, ikatoa povu, presha ikashuka. Ndipo Fundi Mmanga wa Mgogoni, mwalimu mwenzake, akachora la kwake: refu, jembamba, la duara, oili ikiingia juu kwa ubavu na kuzunguka ukutani hadi hewa ijitoe. Presha ikatulia. Mmanga akashangiliwa. Marehemu akarudi nyumbani, akakataa chakula.

"Tangi kama mtungi wa gesi," alimwambia mkewe. "Hata haya hana."

"Linafanya kazi?"

"Ndilo linaloniuma."

Siku ya kukabidhi boti, mkunga Bi Asya alishapanda na wajawazito wawili. Marehemu, aliyekuja shingo upande, aliona tangi limechomelewa moja kwa moja kwenye mbavu za boti. Mtikisiko ungelipasua, oili yote imwagike katikati ya mkondo. Moyo ukamwambia anyamaze, amwone Mmanga akiaibika. Akanyamaza mpaka kamba ilipofunguliwa. Hapo akapiga ukelele: "Zimeni mashine!"

"Husuda hiyo, Mwalimu," Mmanga alisema mbele ya watu.

"Husuda ninayo. Na hilo tangi litapasuka vilevile. Tazama mwenyewe chini, pale ulipochomelea."

Mmanga akapitisha kidole, akakuta ufa umeshaanza. Abiria wakashushwa. Marehemu akavua shati, yeye na Mmanga wakalikata tangi, wakaziba ufa, wakalikalisha juu ya vipande vya mpira, wakalifunga kwa mikanda ya chuma. Boti hiyo inavusha watu hadi leo. Tangi linaitwa la Mmanga, na jambo hilo marehemu hakuwahi kulimeza.

Alianza kuugua figo Septemba 2023. Mmanga hakukoma kwenda kumtazama hospitalini. Siku za mwisho marehemu alimuuliza, "Bado wanaliita tangi la Mmanga?"

"Bado, ndugu yangu."

"Basi ondoka hapa," akasema, lakini mkono wa mwenzake hakuuachia. Alifariki dunia tarehe 2 Juni 2025.

Ameacha mjane, Bi Conchesta, watoto, Ebenezer na Happy, wajukuu watatu, na Fundi Mmanga, aliyeomba aandikwe humu pamoja na ndugu. Bwana amjalie Mwalimu wetu pumziko lenye amani.