Eufrasia Aliyeitoa Zebaki Majikoni

Wasikilizaji wapendwa, leo salamu zenu zitasubiri kidogo. Tunamkumbuka Eufrasia, mhudumu wa afya wa kijiji kimoja cha wachimbaji huku Geita. Eufrasia, Mama Mariana. Amefariki kwa ugonjwa wa figo akiwa na miaka arobaini na moja.

Alianzia mwaloni, kwenye mabwawa ya wachimbaji, akiosha udongo wa dhahabu. Dhahabu iliyoshikana na zebaki aliichomea nyumbani, kwenye jiko la mkaa, kwa kikaango kilekile cha mboga. Mariana alikuwa mgongoni. Leo Mariana ana miaka tisa, mikono inatetemeka, kikombe hakishiki. Siku daktari alipouliza habari za moshi ule, Eufrasia alilia hadi nyumbani.

Ndipo akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mwanzoni alihubiri hatari. Watu waliitikia kwa adabu, kisha wakaendelea kuchoma. Siku moja akamuuliza jirani yake, Esta, nini hasa kinamzuia kuchomea nje.

"Mayu, mama yangu, nikichomea nje kila mtu ataona nilichopata. Wataniibia."

Kumbe haukuwa ubishi, ilikuwa hofu. Eufrasia akaacha kuhubiri. Akawabembeleza wenye mwalo wazungushie bati mahali pa wazi, mbali na nyumba, mtu aingie peke yake. Nguo za kazi zibaki hukohuko. Mtu aoge kwanza, ndipo ambebe mtoto. Nyumba thelathini na nane zikaitoa zebaki jikoni. Thelathini na nane, wasikilizaji.

Moja haikuitoa. Bujiku, mume wa Eufrasia, aliniita baada ya mazishi, akaniomba niseme hewani.

"Akitoka kwenda kwa watu, mimi nachoma jikoni. Niliona aibu wenzangu waseme natawaliwa na mke. Akirudi, anapika humohumo."

Kama figo ziliharibiwa na moshi wa zamani au wa juzi, madaktari hawakusema. Nilimuuliza Bujiku kama mkewe alijua.

"Alijua wiki ya mwisho, pale wodini. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, 'Ulipokuwa unachoma, Mariana alikuwa wapi?'"

 

Poleni sana familia. Pole Mariana, mwanetu. Nimekasirika, sifichi, lakini Bujiku si peke yake. Baba unayenisikiliza, swali la Eufrasia ni lako pia. Zima redio, umjibu.