Mlango wa Kanisa

Mshonaji alifumba macho ndani ya treni, lakini masikio aliyaacha wazi.

“Wanasiasa walipata kura, sisi tukachomeana milango,” mama mmoja alimwambia seremala aliyeketi naye. “Ila sisi wa kanisani na wale wa msikitini ni maji na mafuta. Hata mlango wetu mpya, ukiuona tu unajua ni wa kanisa!”

Seremala alicheka mpaka akapaliwa. “Mama, yote miwili nimeichonga mimi. Mwenye mkokoteni akaichanganya. Wenu uko msikitini, wao uko kwenu.”

“Ala! Na wao hawajagundua?”

“Wanausifu kama wewe. Kesho nakuja kuibadilisha.”

Treni ikasimama. Mshonaji, usingizi wote wa uongo umemwisha, alimwona mama akibeba kikapu chake, kisha akigeuka mlangoni.

“Thubutu, fundi! Mlango wetu hatuutoi ng'o!”