Themostati ya Mama Yake Meneja

Julai ikiingia Kihesa, upepo hauna adabu. Unapita chini ya mlango, unapanda miguuni, unamfuata mtu hadi ndani ya blanketi lake. Benchi la Sifaeli muuza kahawa limeegemea ukuta wa saluni iliyofungwa, pale jua la asubuhi linapofika kwanza, na ndiyo maana wenyewe hawakosi. Yupo Jailos, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio ikaacha kukoroma. Yupo Dastan, aitwaye Wakili kwa sababu alilinda geti la mahakama miaka mingi akisikiliza kesi dirishani. Na yupo Sosthenes, aitwaye Meneja kwa sababu ya koti lake tu, maana ofisi yake haijawahi kuonekana. Asubuhi hiyo Meneja alikuja na kitu cheupe, kidogo kama sosa ya kikombe, chenye kioo mbele. Alikilaza juu ya benchi polepole kama anayelaza yai.

— Kamweneni, — aliwasalimu. — Leo sina utani. Eveline yuko kwenye basi. Ameshaondoka Mbeya.

Wote walimjua Eveline, dada yake anayeishi Ilomba kule Mbeya, na kisa chenyewe walikijua. Mama yao, Bibi Rozalia, kifua chake kilikuwa kimekataa moshi. Daktari akasema jiko la mkaa lisiingie tena chumbani kwake. Eveline akatuma hita ya umeme pamoja na themostati, kifaa cha kuiwasha na kuizima hita kwa saa unazopanga mwenyewe. Akatuma na neno: nitakuja nimshike mama mikono, nikiikuta ya baridi, kesho yake naondoka naye. Bibi mwenyewe hakutaka Ilomba. Mumewe kazikwa Kalenga, naye alitaka kubaki karibu na kaburi. Meneja naye, kila alipowaza kuamka bila kusikia kikohozi cha mama yake upande wa pili wa ukuta, alijisikia mtoto aliyeachwa gulioni.

Fundi alikwishafunga kila kitu. Kilichobaki ni kupanga saa. Na kwa kuwa kioo cha themostati kinachomoka ukutani, Meneja alikileta mahali penye wataalamu.

Injinia alipangusa vidole kwenye suruali, akabonyeza. Kioo kikawaka.

— Kimekosea, — alisema Wakili. — Kinasema saa tisa, na jua ndo kwanza linatupasha mgongo.

— Hakijakosea. Hizo saa za kizungu. Tisa yao ni tatu yetu.

— Basi kibadilishe. Kimekuja ugenini, kifuate wenyeji.

Injinia akakibadilisha. Zikatokea picha nne: mtu anaamka, mtu anatoka mlangoni, mtu anaingia mlangoni, mtu amelala. Kila picha ilidai saa yake. Mtu akiamka, hita inawaka. Akitoka, inazima ili kubana umeme. Akirudi, inawaka tena. Akilala, inapunguza joto.

— Kazi ndogo hii, — alisema Injinia. — Meneja, unaamka saa ngapi?

— Saa kumi na mbili kamili.

Sifaeli alicheka hadi birika likatikisika mkononi.

— Jana umenijia hapa saa tatu, shuka limekuchora shavuni.

— Jana ilikuwa jana.

— Na juzi?

— Sifaeli, uza kahawa.

Ikaingizwa kumi na mbili.

— Haya. Nyumbani unatoka saa ngapi?

Meneja alikunywa kwanza. Kahawa ilikuwa ya moto kuliko alivyotegemea.

— Natoka kwenda wapi?

— Hakijauliza wapi. Kimeuliza saa ngapi.

— Waliotengeneza wana kazi hao, — alisema Wakili. — Kwao mtu akitoka, ana anakokwenda.

— Na mimi ninako!

— Wapi?

— Si hapa!

Hakuna aliyempinga, maana wote walikuwa wamefika huko huko. Injinia akapeleka kidole kwenye kitufe, lakini Wakili akamshika mkono.

— Ngoja, bwana. Hiki ni kiapo. Ukiandika unarudi saa kumi, halafu ukarudi saa mbili usiku, umesema uongo. Mahakamani nimeona mtu anaenda ndani kwa jambo dogo kuliko hilo.

— Kitamwambia nani sasa? — aliuliza Sifaeli.

— Kitasema, — Injinia alijibu akishusha sauti. — Mnakaona haka kataa kekundu? Hako ni jicho. Kanaona umetoka, kanaona umerudi, mwisho wa mwezi kanajumlisha. Wenye umeme wanajua kabisa nyumba ipi baba yake hakai.

— Wakishajua?

— Sensa ijayo unahesabiwa mgeni.

Wakaguna. Injinia mwenyewe alianza kuogopa maneno yake.

— Jamani, mke wangu Damari asije akakisikia. Miaka yote namwambia niko kwa wateja. Leo aletewe kitu cha ukutani kimsomee nilikokuwa?

— Dawa ipo, — alisema Wakili. — Kisheria, Meneja hatoki. Mtu wa kijiweni akipigiwa simu si anasema “niko hapa hapa nyumbani”? Kuna aliyewahi kushtakiwa? Basi andika hatoki kabisa. Hita iwake mchana kutwa.

Lilikuwa jambo la kwanza la maana kusemwa asubuhi ile, na msemaji hakujua. Lakini Meneja alivuta kola ya koti lake. Mtu mzima aandikwe kwenye mashine, tena iliyoletwa na dada yake mdogo, kwamba hana pa kwenda? Eveline angeisoma. Angecheka kuanzia stendi ya hapa hadi ya kwao.

— Andika natoka saa moja asubuhi, — alisema.

— Moja! — Sifaeli alishika kifua.

— Andika. Na narudi saa kumi na mbili jioni, kama watu wa ofisi.

— Weka saa moja usiku, — alishauri Wakili. — Meneja wa kweli anacheleweshwa na vikao.

— Ijumaa mwongeze semina, — alisema Injinia, vidole vikicheza.

— Jumamosi je?

— Ukaguzi wa mashamba!

— Nina mashamba? — aliuliza Meneja.

— Unayakagua. Hatujasema ni yako.

Wiki ikajaa. Kila kahawa ilivyomiminwa ndivyo Meneja alivyopanda cheo, hadi kile kioo kikawa na mtu mwenye shughuli kuliko daktari wa zamu. Meneja alikitazama, akajipenda.

Ndipo akafika Bupe, msichana mgeni aliyehamia juzi kutoka Mbeya kufanya kazi duka la dawa la jirani.

— Shikamooni.

— Marahaba, karibu benchini.

Akaomba kahawa, akauliza kile ni nini. Meneja akamweleza vizuri sana: kifua cha mama, hita, picha nne, na kwamba dada yake anafika mchana huu kumshika mama mikono. Bupe alisikiliza kikombe kikiwa kidevuni.

— Kwa hiyo kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja usiku, hita inakuwa imezima?

— Umeelewa haraka. Mimi nimetoka, umeme uwake wa nini?

— Na mama naye anatoka saa ngapi?

Injinia alitazama kifaa. Tangu Pasaka Bibi Rozalia hakuwa amevuka kizingiti bila kushikwa mkono, na pale benchini hakuna asiyejua.

Meneja alikichukua kifaa, akaanza kubonyeza. Mtu anaamka. Mtu anatoka. Mtu anaingia. Mtu amelala. Akazungusha tena, taratibu, akitafuta picha ya mtu aliyekaa tu ndani. Haikuwepo.

Akainuka.

— Sifaeli, birika lina nini?

— Kikombe cha mwisho.

— Hicho changu! — alisema Injinia.

— Nipe, nampelekea mama.

— Vikombe vyangu havitoki hapa, Meneja.

— Leo kinatoka.

Alivua koti, akakifunika kikombe nalo, kifaa kikiwa kwapani. Akapanda njia ya nyumbani haraka lakini kwa uangalifu, kwani basi pengine lilikwishapita Mafinga, na mikono ya mama yake ilikuwa na muda huo tu wa kupata joto. Kwa mara ya kwanza watu waliliona shati lake: lilikuwa limetoboka mgongoni.

Injinia aligeuza birika juu chini. Halikudondosha kitu.

— Sasa hapo, Wakili, — alisema. — Mtu akiondoka kijiweni kwenda kwao, tunaandika ametoka au amerudi?

Wakili alikohoa, akajiweka sawa.

— Kisheria…

Sifaeli alikuwa ameshaanza kuzima moto.