Selestina Mashimba, Aliyetuchekesha Tukashindwa Kumwamini

Ndugu waombolezaji, wasifu huu unasomwa na Faustine, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia. Mtuvumilie. Yako mambo ambayo hata sisi hatujayaelewa.

Marehemu Selestina Ngolo Mashimba alizaliwa Bunda tarehe 14 Agosti 1983, mtoto wa nne wa hayati mzee Ngolo Mashimba, mkulima wa pamba, na mama Rhobi.

Alisoma shule ya msingi Bunda kuanzia 1991 hadi 1997, kisha sekondari Musoma hadi 2001. Huko aliadhibiwa kwa kuiga mwendo wa mkuu wa shule. Siku ya mahafali, mkuu huyohuyo alimwomba aige tena mbele ya wazazi.

Aliuza vitenge mtaa wa Iringo, palepale Musoma, na mwaka 2006 akaanza kuchekesha jukwaani kwa jina la Shangazi Kero. Mwaka 2014 alichaguliwa kuigiza mama mkwe mkorofi katika tamthilia ya televisheni, akaicheza kwa miaka sita. Aliporudi likizo, muuza dagaa mmoja sokoni Bunda alikataa kumuuzia.

"Si wewe unamtesaga yule binti? Kamwombe msamaha kwanza!"

 Marehemu alimpigia simu palepale mwigizaji mwenzake aliyeigiza mkwe wake, akaomba radhi soko zima likisikia, ndipo akapimiwa dagaa.

Tarehe 9 Juni 2012 alifunga ndoa na Bwana Revocatus Machage, fundi umeme wa mtaa wa Mukendo, Musoma, mzaliwa wa hapa Butiama. Walijaliwa watoto wawili, Gloria na Mseti. Nyumbani marehemu alikuwa mkimya. Shemeji anasema mwaka wa kwanza alidhani amemkosea.

Februari 2025 miguu yake ilianza kuvimba. Mama aliambiwa ni viatu vya jukwaani. Shemeji aliambiwa ni chumvi. Faustine aliambiwa kwamba dada yake ameagizwa anenepe kwa ajili ya igizo jipya. Sote tulicheka. Alipolazwa Musoma mwezi Septemba, tulikutana koridoni kila mtu na ugonjwa wake, tukaanza kubishana. Daktari ndiye aliyetuambia kuwa ni figo, na kwamba mwenyewe alijua tangu Februari. Tulipoingia wodini, shemeji alimuuliza mgonjwa kwa nini alificha.

Mama akamshika mkono. "Selestina mwanangu, leo usinitanie. Unaumwa nini?"

"Figo, mama. Zimekufa zote mbili."

Mama akaangua kicheko. Selestina naye akacheka, mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Kisha mama akalia, na mgonjwa ndiye aliyemfuta machozi. Mama bado anatuuliza kama kile kicheko kilimuumiza mwanawe.

Marehemu alifariki dunia tarehe 3 Novemba 2025, saa nne asubuhi. Tulipotoa taarifa, wengi walipiga simu wakicheka, wakisubiri tumalize utani. Hata leo asubuhi mmoja kapiga. Gloria ndiye aliyepokea. Alimwambia, "Ni kweli, mjomba," akarudia mara ya pili, kisha akampa baba yake simu.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, kaka wawili, dada mmoja na mdogo wake Faustine. Kama yupo hapa anayetamani kucheka, acheke, hatutamuuliza kitu.

Mungu ampokee Selestina wetu, ampe pumziko la amani. Amina.